Una herufi, unataka maneno ya Kiingereza: tovuti, Zyzzyva, grep, kamusi au akili mnemba?

Mtu mwenye herufi A, P, L, E na S anaweza kuwa mchezaji wa Scrabble (mchezo wa kuunda maneno kwa vipande vya herufi) aliyebanwa na saa, mwalimu anayeandaa somo la tahajia, mtu aliyebakiza jaribio moja la Wordle, mchezo wa kubahatisha neno la herufi tano, au mtungaji wa fumbo la maneno la gazeti la shule. Wote wataandika herufi zilezile kwenye kisanduku cha kutafutia, na wengi wao watarudishiwa orodha isiyowafaa. Chombo hakikukosea. Kilijibu swali la mwenzao.

Ndiyo maana ukiuliza watu wanatafutia wapi maneno ya Kiingereza yenye herufi fulani, kila mmoja atakutajia chake na kuapa kwamba hakuna kingine. Vinavyotajwa zaidi ni vitano: tovuti za kutafutia maneno, kama OneLook na zile nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya Scrabble; Zyzzyva, programu ya kompyuta ambayo wachezaji wa mashindano hujifunzia; grep, amri ya kompyuta inayochuja mistari ya faili la maneno; kamusi ya karatasi pamoja na kalamu; na siku hizi akili mnemba ya kuzungumza nayo.

Nimevilinganisha kwa mambo matano. Kwanza, chombo kinajibu swali la aina gani. Pili, orodha ya maneno iliyo nyuma yake ni ipi. Tatu, kinakula bando na muda kiasi gani. Nne, kinakupa maana au neno tupu. Tano, ukishakifunga unabaki na nini kichwani. Mawili ya kwanza nimeyapa nafasi kubwa kwa sababu ndiyo yanayoamua karibu kila kitu.

Aina ya swali

"Maneno yenye A, P, L, E, S" ni maswali manne yaliyovaa kanzu moja.

La kwanza: neno liwe na herufi hizo zote, na nyingine ziruhusiwe. Hapo SAMPLE, ELAPSED na PLEASURE ni majibu halali. La pili ni la Scrabble: tumia zilizo mkononi tu, kila moja mara moja, si lazima zote. Hapo unapata LAPSE, LEAPS, PEAL na SAP, lakini SAMPLE haimo kwa sababu huna M. La tatu linafanana na la pili ila kurudia herufi kunaruhusiwa, kama katika mchezo wa Spelling Bee wa gazeti la New York Times. APPLE, APPEAL na PLEASE zinaingia. La nne ni la nafasi: S iwe ya kwanza, P ya pili, L ya nne, na kwingine kokote kuwe wazi. SPELL, SPILT.

Tovuti nyingi za Scrabble zimeundwa kwa ajili ya swali la pili, na hulijibu vizuri sana. Ukizipa la kwanza zinakukatisha tamaa, maana kila neno lenye herufi ya ziada hutupwa nje bila taarifa. OneLook ina upana zaidi, ila lazima ujue lugha yake ya alama. Alama ya kuuliza inasimama badala ya herufi moja, na kinyota badala ya herufi zozote kwa idadi yoyote. Alama ya # ni konsonanti, @ ni irabu. Mikwaju miwili mbele ya herufi huzipangua na kuzipanga upya: andika //listen utaona SILENT, ENLIST na TINSEL. Mkato huunganisha masharti, kwa hiyo *q*,*z*,*a* huleta maneno yenye herufi zote tatu bila kujali mpangilio. Alama ya kutoa mwishoni hufukuza herufi: sp???-ei ni maneno ya herufi tano yanayoanza na SP yasiyo na E wala I. Alama ya kujumlisha hufanya kinyume, inabakiza zile ulizotaja tu. Kwa alama hizi chache mengi ya maswali hayo manne yanajibika, na bado watu wengi huandika herufi tupu kisha wakalalamika.

Zyzzyva haihitaji kukariri alama nyingi. Unachagua sharti kwenye menyu: panga upya herufi zote, panga upya baadhi, fuata umbo fulani, jumuisha herufi fulani. Masharti yanapandana moja juu ya jingine, hivyo unaweza kuomba maneno ya herufi saba yenye Q, yasiyo na U. Jina lake la ajabu ni la jenasi ya mdudu wa Amerika Kusini, jamii ya fukusi, na hupatikana mwisho kabisa wa kamusi nyingi za Kiingereza.

Grep ni mkongwe kuliko vyote vya kompyuta hapa. Ken Thompson aliiandika katika maabara ya Bell Labs mnamo 1973, na hadi leo imo ndani ya kila kompyuta ya Mac na Linux. Kwa swali la kwanza unaunganisha amri kwa kistari cha wima (maneno.txt ni faili lako la maneno, neno moja kwa kila mstari):

grep a maneno.txt | grep p | grep l | grep e | grep s

Kwa swali la tatu mstari mmoja unatosha:

grep -E '^[aples]+$' maneno.txt

Swali la nne ndilo linaloipendeza zaidi. Jaribu grep 'a.*e.*i.*o.*u' na utaletewa maneno yenye irabu zote tano kwa mpangilio wa alfabeti, FACETIOUS na ABSTEMIOUS yakiwa miongoni mwao. Tovuti chache zitakupa hilo bila kuhangaika.

Inapokwama ni swali la pili, kwa sababu grep haihesabu vipande vyako. Kama herufi zako zote ni tofauti kuna njia ya mkato: chukua matokeo ya amri ya swali la tatu, kisha ondoa kila neno lenye herufi iliyojirudia.

grep -E '^[aples]+$' maneno.txt | grep -v '\(.\).*\1'

Ukiwa na E mbili mkononi njia hiyo inakufa, na hapo ni bora kuhamia Python, lugha ya kuandikia programu:

from collections import Counter
mkono = Counter("aeeplps")
for n in open("maneno.txt"):
    n = n.strip()
    if not Counter(n) - mkono: print(n)

Mistari mitano, na inajibu swali la pili kwa mkono wowote ule, wenye marudio au usio nayo.

Kamusi ya karatasi hupanga maneno kwa herufi ya kwanza, basi. Ukijua neno linaanzaje uko salama. Ukijua tu kwamba lina G na H katikati, utafungua kurasa mpaka macho yaume. Tatizo hilo watu waliliona zamani: John Walker alichapisha London mwaka 1775 kamusi iliyopangwa kwa kuangalia mwisho wa maneno, ili watunga mashairi wapate vina. Lakini kamusi ya namna hiyo huikuti kwenye kila maktaba ya shule.

Akili mnemba ina faida moja ambayo wengine hawana: unaiuliza kwa maneno yako, hata kwa Kiswahili. "Nipe maneno ya Kiingereza ya herufi sita yenye P na L, yanayoishia na E." Tatizo ni kwamba mifumo hii haisomi herufi moja moja. Inapokea maandishi yakiwa yamekatwa katika vipande vya herufi kadhaa, hivyo kuhesabu herufi ndani ya neno ni kazi ngumu kwake kuliko kutunga barua ya kuomba kazi. Mwaka 2024 lilienea sana swali la STRAWBERRY ina R ngapi, kwa sababu programu kadhaa zilijibu mbili. Hali inakuwa nzuri zaidi pale programu inapoweza kuandika msimbo na kuuendesha yenyewe. Hapo kazi inafanywa na Python ileile ya juu, na akili mnemba inabaki kuwa mkalimani.

Orodha iliyo nyuma ya chombo

Hapa ndipo ugomvi mwingi wa mezani unapozaliwa. Hakuna orodha moja ya maneno ya Kiingereza. Kwenye Scrabble peke yake kuna mbili kubwa: Collins, iliyokuwa na maneno 279,496 katika toleo la 2019, na ile ya Amerika Kaskazini, iliyokuwa na 192,111 katika toleo la 2018. Tofauti ni maneno zaidi ya elfu themanini. Mashindano ya Kenya, Uganda na Nigeria huchezwa kwa Collins, kwa hiyo ukijifunza kwa tovuti iliyowekwa upande wa Marekani utakuwa unajinyima maneno ambayo mpinzani wako anayo.

Na mengine utajilaumu kuyakosa, maana Collins inakubali UGALI, DUKA na SHAMBA. Inakubali pia QADI, WAQF, QIBLA na TALAQ. Mtu wa Pwani aliyekwama na Q bila U ana akiba ambayo mchezaji wa Chicago hana, ili mradi aijue tahajia ya Kiingereza.

Tovuti nyingi hukuachia uchague orodha kwenye kona fulani ya ukurasa; iangalie kabla hujaanza. OneLook si ya Scrabble: inakusanya kutoka kamusi nyingi, kwa hiyo itakuletea majina ya watu, ya miji na misemo ya maneno mawili. Kwa mtungaji wa mafumbo hiyo ni neema, kwa mchezaji ni mtego. Zyzzyva ndiyo yenye nidhamu hapa, kwa sababu inabeba orodha rasmi na inataja ni ya toleo gani.

Kwa grep orodha ni jukumu lako. Faili lililomo kwenye Mac, /usr/share/dict/words, lina maneno karibu 235,000, na linavutia mpaka ugundue kwamba limetokana na kamusi ya Webster ya mwaka 1934. Maneno ya kale ya wataalamu wa mimea yamejaa tele, lakini maumbo mengi ya wingi na ya vitenzi vya kawaida hayamo. Lile la Debian na Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, lina takriban laki moja, yakiwemo majina ya watu na maneno yenye alama ya umiliki. Wengi huishia kupakua ENABLE, orodha huru yenye maneno 172,820 na faili lisilofika megabaiti 2. Tahadhari moja ya kiufundi: nakala nyingine za orodha hizi zilihifadhiwa kwa mtindo wa Windows, na kila mstari una herufi isiyoonekana mwishoni. Amri yoyote yenye $ itarudi mikono mitupu. Isafishe kwanza:

tr -d '\r' < enable1.txt > maneno.txt

Wordle nayo ina dunia yake. Ilipotolewa na Josh Wardle mwaka 2021, ilikubali maneno karibu 13,000 kama majaribio, lakini majibu yenyewe yalichaguliwa kutoka 2,315 tu, karibu yote yakiwa maneno ya kila siku. Kwa hiyo orodha ndefu ya tovuti ya Scrabble inakupa kelele. Ukiona neno ambalo hujawahi kulisikia maishani, lipuuze.

Kamusi ya karatasi ina uaminifu wake: kilichomo kimepitiwa na wahariri. Akili mnemba haina orodha kabisa. Ina mazoea ya lugha, na siku ikitaka kukufurahisha itakutungia neno linalofanana na Kiingereza. Usilipeleke mezani bila kulihakiki kwingine.

Bando, mashine na muda

Tovuti zinafanya kazi kwenye simu yoyote janja, lakini nyingi za Scrabble zimebeba matangazo kiasi kwamba ukurasa mmoja wa maneno ishirini unakula bando la picha kadhaa. OneLook ni nyepesi zaidi. Zyzzyva na grep hazihitaji intaneti baada ya kupakua mara moja. Grep inaweza kuendeshwa hata kwenye simu ya Android kupitia Termux, programu ya kuandikia amri. Wanaotumia Windows watahitaji hatua za ziada, na hapo wengi huacha. Akili mnemba kwa kawaida inadai mtandao, mara nyingi na akaunti. Kamusi ya karatasi haizimiki umeme ukikatika, ingawa bei yake mpya inaweza kukushangaza. Za mitumba zipo.

Kuhusu kasi, wazia hivi: herufi saba tofauti zinaweza kupangwa kwa namna 5,040 bila kuacha hata moja, na ukihesabu pia maneno mafupi unafika 13,699. Kompyuta haipiti njia hiyo. Inazipanga herufi kwa alfabeti kisha inalinganisha, LISTEN na SILENT zote zikiwa EILNST. Ndiyo maana jibu linatoka kabla hujanyanyua kidole.

Maana

Akili mnemba inaongoza hapa, na kwa mbali. Ikishapata neno sahihi, itakueleza maana kwa Kiswahili, itakupa sentensi tatu na kukutajia kisawe chake. OneLook inakupeleka kwenye kamusi zenye neno hilo. Kamusi ya karatasi ndiyo kazi yake. Zyzzyva ina maelezo mafupi mno, ya kukumbusha tu. Grep haijui kama SEPAL ni sehemu ya ua au jina la basi.

Je, maana ni ya lazima? Inategemea unacheza au unajifunza lugha. Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 bila kuzungumza Kifaransa. Alikuwa amekariri orodha. Mwanafunzi wa kidato cha nne akifanya hivyo kwenye insha ya Kiingereza, msahihishaji hatampa kombe.

Unabaki na nini kichwani

Tovuti na grep hukupa jibu, nalo huondoka na skrini. Sisemi kwamba ni ubaya. Mtungaji wa mafumbo hahitaji kukumbuka. Zyzzyva imejengwa kwa kusudi hili hasa, kwani inakuonyesha herufi zikiwa zimepangwa kwa alfabeti na wewe unatafuta neno, na maneno huja kwa kufuata uwezekano wa kuzipata herufi hizo mezani. Huo ndio utaratibu uliozalisha wachezaji wa kutisha duniani.

Kinachodharauliwa ni daftari. Chukua herufi sita, SATINE, kisha ongeza moja moja. Ukiongeza R unapata RETAINS na NASTIER. D inaleta INSTEAD na STAINED, L inaleta ENTAILS, G inaleta SEATING na TEASING, M inaleta INMATES, P inaleta SAPIENT. Kila moja ni neno la herufi saba, na kwenye Scrabble kumaliza vipande vyote saba kwa mkupuo kunakupa alama 50 za nyongeza. Ukurasa mmoja ulioandika kwa mkono wako unakaa kichwani kuliko kurasa kumi ulizozisoma kwenye simu. Wapo watakaobisha, hasa vijana, lakini hilo ni langu na ninalisimamia.

Uchague kipi, kwa hali yako

Unacheza Wordle na umekwama: OneLook, na mfano wake ni ???er,*p*-stai pale unapojua kwamba neno linaishia na ER, lina P mahali fulani, na S, T, A, I hazimo. Chukua neno la kawaida kuliko yote utakayoonyeshwa.

Unajiandaa na mashindano, Nairobi au kwingineko: Zyzzyva yenye Collins, ukianza na maneno ya herufi mbili, yaliyokuwa 127 katika toleo la 2019. Tovuti iwe ya kuhakiki tu ukiwa safarini. Usijifunze maneno kutoka kwa akili mnemba.

Wewe ni mwalimu na unataka maneno yenye IGH au OUGH: andika *igh* kwenye OneLook, uyachuje kwa macho ya mwalimu, kisha uyatolee maana kwa kamusi. Akili mnemba inaweza kukutungia sentensi za zoezi ukishaipa maneno uliyoyachagua wewe.

Unatunga mafumbo au unatengeneza mchezo wako: grep na ENABLE. Saa mbili za kujifunza alama zake zitakulipa kwa miaka, na hutategemea tovuti ya mtu ambayo kesho inaweza kufungwa.

Huna kompyuta na bando ni la kubahatisha: kamusi ya mtumba na daftari la familia za herufi, kama ile ya SATINE. Utakwenda polepole kuliko wengine kwa miezi ya mwanzo, lakini ndiye utakayekuwa na majibu siku mtandao ukizima.

Mnacheza nyumbani kwa furaha: kubalianeni kabla kipande cha kwanza hakijawekwa kama mnafuata Collins au kamusi iliyopo rafuni, na simu ishikwe na mtu asiyecheza, afungue pale tu neno linapopingwa.